Saratani za Ngozi Mbele ya Meza ya Fidia



Mahali hapa Kensington, Sydney, tulipokutana hapakuwa na chuo kikuu kabla ya 1949. Palikuwa na uwanja wa mbio za farasi, na Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza uwanja huo ukageuzwa kambi ya jeshi. Baadhi ya vikosi vya mwanzo vya Australia vilijipanga hapa mwaka 1914, kisha vikapanda meli kwenda Misri. Mwaka 1917 barabara inayopita mbele ya lango la chuo ikaitwa Anzac Parade kwa heshima yao. Wengi wao walikuwa vijana wenye asili ya Uingereza na Ireland, wenye ngozi isiyozoea jua kali, na walipelekwa jangwani. Vita vya pili viliwapeleka wadogo zao New Guinea na visiwa vya Pasifiki, ambako walifanya kazi vifua wazi mwezi baada ya mwezi.

Kutokana na askari hao likazaliwa swali ambalo nchi hii imelitungia sheria na taratibu nyingi kuliko nchi nyingi duniani. Mtu alivua sare miaka thelathini iliyopita, leo kidonda kimemtoka sikioni nacho hakiponi, na daktari amesema ni saratani. Je, jua lililomchoma ni la utumishi, au ni jua la utoto wake, la bustani yake na la ufukwe wa Bondi siku za Jumapili? Nani amlipe?

Jioni hii nalichukua swali hilo nivuke nalo uwanja wa askari. Nataka tumfikirie mjenzi aliyevunja lami ya Anzac Parade wakati reli nyepesi inajengwa, tumfikirie ndugu yetu kutoka Burundi au Kongo anayechuma matunda mashambani, na tumfikirie mfanyakazi mwenye ualbino nyumbani Tanzania. Nina jambo moja la kusema, na nitalirudia kwa njia mbalimbali: dai la fidia ya saratani ya ngozi huamuliwa kwa kiasi kikubwa siku ile kinyama kinapokatwa na kuandikiwa fomu ya maabara. Likifika kwa wakili au kwenye baraza, mengi yamekwisha kuamuliwa, na aliyeyaamua ni daktari ambaye hakujua kwamba anaamua.

Tuanze na magonjwa yenyewe. Madaktari wamezoea kuweka melanoma upande mmoja, maana ndiyo inayoua haraka, na zote zilizobaki wakazifunga katika fungu moja la saratani za ngozi zisizo melanoma. Katika fungu hilo mbili ndizo nyingi mno. Ya kwanza ni saratani ya seli-msingi, inayotokea katika seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi. Hukua taratibu, mara nyingi kama kipele king'aacho chenye vijishipa, na ni nadra sana kusafiri hadi viungo vingine, ingawa ikiachwa huweza kula pua au kope mpaka mfupani. Ya pili ni saratani ya seli-bapa, inayotokea katika seli za juu zaidi. Huja kama gamba gumu au kidonda kisichofunga, na hii husafiri: huingia kwenye tezi, na huua. Pembeni mwa hizo mbili kuna ugonjwa wa Bowen, yaani saratani ya seli-bapa ambayo haijavuka tabaka la juu. Kuna keratosi za jua, yale mabaka makavu ya kukwaruza ambayo machache kati yake hugeuka saratani. Kuna uvimbe wa keratoakanthoma unaokua haraka na wakati mwingine kujiondokea wenyewe, ambao mwanapatholojia mmoja atauita saratani ya seli-bapa na mwenzake atauandika kama ugonjwa wa pekee. Na kuna saratani ya Merkel, isiyoonekana mara nyingi lakini kali kuliko zote hizo.

Kwa tabibu anayetaka kumponya mgonjwa fungu hili pana halina madhara makubwa, kwa sababu kila ugonjwa atautibu unavyostahili. Kwa mdai ni hatari. Saratani ya seli-bapa inafuatana na jumla ya jua alilolipokea mtu maisha yake yote, na ndiyo maana wafanyakazi wa nje huipata zaidi. Saratani ya seli-msingi uhusiano wake na jua ni mgumu zaidi kuueleza, kwa maana kuungua kwa vipindi na jua la utotoni vina nafasi kubwa humo. Mtu mwenye karatasi inayosema tu “saratani ya ngozi isiyo melanoma” amempa wakili wa bima nafasi ya kuchagua ugonjwa anaoupenda.

Ujerumani ilionyesha jinsi tofauti hiyo inavyoweza kugeuka pesa. Tangu 1 Januari 2015 orodha yake ya magonjwa ya kazini inatambua saratani ya seli-bapa na keratosi nyingi za jua zilizosababishwa na mionzi ya urujuanimno ya jua. Nyingi maana yake zaidi ya tano katika miezi kumi na miwili, au eneo la ngozi linalozidi sentimita nne za mraba. Tena kazi lazima iwe imemwongezea mtu angalau asilimia 40 juu ya jua analolipata kila mtu katika maisha ya kawaida. Saratani ya seli-msingi haikuingizwa katika orodha hiyo ya 2015. Kwa hiyo wajenzi wawili waliopaua mapaa pamoja, mmoja akiwa na ugonjwa huu na mwingine ule, mmoja alikuwa na njia iliyofunguliwa na mwingine hakuwa nayo.

Sasa twende chumba cha upasuaji mdogo. Daktari huangalia kwa darubini ya ngozi, kisha hukata. Anaweza kukwangua juu, anaweza kutoboa kipande cha milimita tatu au nne, anaweza kuondoa kidonda chote. Kipande kilichokwanguliwa juu juu kinaweza kisionyeshe kama seli zimevuka kuingia chini, na hapo maabara itaandika kwamba uvamizi hauwezi kuthibitishwa wala kukanushwa. Kwa matibabu, daktari ataondoa sehemu yote baadaye na maisha yataendelea. Katika faili la fidia, sentensi hiyo moja inaweza kumshusha mtu kutoka kwenye saratani hadi kwenye hali inayotangulia saratani.

Ripoti nzuri ya patholojia husema aina na tawi lake: kama ni seli-msingi, ni ya vinundu, ya juu juu, au ile inayojipenyeza kama mizizi isiyoonekana kwa macho. Husema kina kwa milimita, kama seli zimefuata mishipa ya fahamu, na kama kingo za kilichokatwa ziko safi. Kwa saratani ya seli-bapa ya kichwa na shingo mambo hayo ndiyo yanayopanga hatua. Uvimbe usiozidi sentimita mbili uko hatua ya kwanza ya ukubwa, lakini huo huo ukiwa umezama zaidi ya milimita sita, au umefuata mshipa mkubwa wa fahamu, unarushwa moja kwa moja hadi hatua ya tatu. Rula juu ya ngozi haiwezi kuyaona hayo.

Kuna jambo jingine ambalo huachwa mara nyingi, na kwangu mimi ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote kwa mfanyakazi. Ngozi iliyopigwa na jua kwa miaka mingi ina alama yake chini ya hadubini: nyuzi zinazoipa ngozi mnyumbuko huvimba, hujikunja na kujirundika. Wanapatholojia huiita elastosi ya jua. Kwa anayetibu ni mapambo ya pembeni, haibadilishi dawa. Kwa anayedai ni shahidi aliyekaa ndani ya mwili wenyewe, anayesema kwamba mahali hapa, si mahali pengine, palikaa juani miaka na miaka. Mwanapatholojia akiiona na asiiandike, shahidi huyo hajaitwa. Vipande vya nta vilivyobeba kinyama kilichokatwa huhifadhiwa maabara kwa miaka, kwa hiyo inawezekana kuomba visomwe upya, ila ni nani atakayemwambia mchuma matunda kwamba anaweza kuomba?

Kisha inakuja namba. Hospitali haziandiki magonjwa kwa maneno katika mafaili yao ya takwimu, huandika kwa Ainisho la Kimataifa la Magonjwa. Katika toleo la kumi melanoma ya ngozi ni C43, na karibu saratani nyingine zote za ngozi ni C44. Tarakimu inayofuata husema mahali: C44.2 ni sikio, C44.3 ni uso, C44.6 ni mkono. Haisemi aina. Anayeusoma mfumo huo anajua mtu alikuwa na saratani sikioni, lakini hajui ni seli-msingi au seli-bapa, mpaka atafute namba ya pili ya umbo la seli, 8090 kwa ile na 8070 kwa hii, ambayo haiandikwi kila mahali. Saratani ya mdomo wa chini upande wa rangi nyekundu, ambayo jua la mashambani huileta sana, haimo kabisa katika C44. Imo C00, pamoja na magonjwa ya kinywa, na karani wa bima anayetafuta saratani za ngozi hataiona. Ugonjwa wa Bowen uko D04. Keratosi za jua ziko L57. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, limezitenga hatimaye seli-bapa na seli-msingi, lakini nchi nyingi bado zinaishi ndani ya toleo la kumi.

Na hata hiyo C44 haihesabiwi. Australia inaaminika kuwa na saratani za ngozi nyingi kuliko karibu nchi yoyote. Watu wawili kati ya watatu wataambiwa wana saratani ya ngozi ya aina fulani kabla ya kufikisha miaka 70, na Medicare, bima ya afya ya umma, hulipia matibabu ya hizi zisizo melanoma zaidi ya mara milioni moja kwa mwaka. Pamoja na hayo, sajili ya saratani ya jimbo hili la New South Wales haipokei saratani za seli-msingi wala seli-bapa za ngozi. Ni nyingi mno, wanasema. Ninaelewa ugumu wa kazi hiyo, lakini siukubali uamuzi huo. Ugonjwa usiosajiliwa hauna orodha ya kazi za walioupata, na ugonjwa usio na orodha ya kazi ni vigumu kuuthibitisha kuwa wa kazini.

Turudi kwa askari wastaafu, kwa sababu hapo ndipo Australia ilipopata utaratibu ulio wazi kuliko wote. Mwaka 1994 iliundwa Mamlaka ya Tiba ya Urejeshaji, jopo la wataalamu watano wanaosoma ushahidi wa kisayansi na kutoa matamko juu ya kila ugonjwa. Tamko husema ugonjwa ni upi hasa, na ni mambo gani yanaweza kuuhusisha na utumishi. Kila ugonjwa una matamko mawili. Moja ni la waliokwenda vitani, ambao wanahitaji dhana yenye mashiko tu. La pili ni la waliotumikia wakati wa amani, ambao lazima waonyeshe kwamba uwezekano wa ugonjwa kutokana na utumishi unazidi uwezekano wa kinyume chake. Matamko hayo yanamfunga kila afisa anayeamua dai. Saratani za ngozi zisizo melanoma zina tamko lao, na jambo lake kuu ni jua: saa za jumla katika nchi za joto au kiasi kinacholingana nazo mahali pengine, juu ya ngozi isiyofunikwa, mahali palepale saratani ilipotoka, kabla ya dalili za kwanza kuonekana.

Yaangalieni masharti hayo moja moja mtaona kwa nini nasema kila kitu kinaamuliwa kliniki. Aina ya saratani, kwa sababu tamko lina mipaka. Mahali kwenye mwili, na hapo “mkononi” haitoshi, maana askari aliyevaa fulana ya mikono mifupi alifunikwa sehemu ya juu ya mkono na kuachwa wazi sehemu ya chini. Na tarehe ya dalili za kwanza, ambayo si tarehe ya upasuaji. Mgonjwa anaweza kuwa aliona gamba hilo miaka mitano kabla ya kwenda kwa daktari, na kama daktari hakuuliza, miaka hiyo haimo popote.

Mfanyakazi wa kiraia wa New South Wales yuko katika hali ngumu zaidi. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya 1987, kama ilivyorekebishwa 2012, inataka kazi iwe ndiyo chanzo kikuu kilichochangia ugonjwa kumpata. Kuwa mojawapo ya vyanzo hakutoshi. Polisi na wazima moto waliachwa nje ya marekebisho hayo, lakini mjenzi na mtunza bustani hawakuachwa. Kwa upande mwingine sheria hiyo ina kifungu cha haki kwa magonjwa yanayokuja polepole: dai hupelekwa kwa mwajiri wa mwisho ambaye kazi yake ilikuwa ya aina inayoleta ugonjwa huo, na huyo ndiye atakayetafuta michango kwa waliomtangulia. Mfanyakazi aliyepitia makampuni manane hatakiwi kuyafukuza yote manane.

Akishinda, anapata nini? Hapa lazima nizungumze wazi kwa sababu watu hukatishwa tamaa wakati wamechelewa. Matibabu yanalipwa, na mshahara wa siku asizoweza kufanya kazi. Malipo ya mkupuo kwa ulemavu wa kudumu yanahitaji ulemavu uzidi asilimia 10 ya mwili mzima. Makovu madogo hupimwa kwa jedwali liitwalo TEMSKI, ambalo huuliza kama mtu analijali kovu lake, kama rangi inatofautiana na ngozi ya jirani, kama alama za nyuzi za kushonea zinaonekana, kama lipo mahali nguo haifichi, kama limeshikamana na nyama ya chini. Jedwali hilo huanza sifuri na kuishia asilimia tisa. Kwa hiyo mtu aliyekatwa usoni, kovu lake likapata asilimia nne, hana mkupuo. Na kwa yule ambaye ulemavu wake hauzidi asilimia 10, sheria tangu 2015 inasimamisha gharama za matibabu miaka miwili baada ya malipo ya mshahara kukoma, au baada ya dai kama hakulipwa mshahara. Saratani ya ngozi haifuati kalenda hiyo. Mtu aliyepata ya kwanza huchunguzwa maisha yake yote, kwa sababu ngozi iliyo jirani ilipigwa na jua lilelile. Kikomo hicho kilifikiriwa kwa mgongo ulioteguka, na kwa ugonjwa huu ni dhuluma.

Ningependa sasa kuzungumza na sisi wenyewe, watu wenye ngozi nyeusi, kwa kuwa kanuni zote nilizozieleza ziliandikwa na watu walioifikiria ngozi nyeupe.

Weusi wetu unatukinga kwa kiasi kikubwa na saratani za jua, ingawa haututoi kabisa katika hatari. Lakini saratani ya seli-bapa hutupata kwa mlango mwingine. Katika Afrika Mashariki madaktari huikuta mguuni, chini ya goti, juu ya kovu la kuungua au kidonda ndugu kilichokaa miaka bila kufunga. Jean-Nicolas Marjolin, daktari wa Paris, alieleza vidonda vya namna hiyo mwaka 1828, na jina lake limebaki navyo. Kati ya kuungua na saratani kunaweza kupita miongo mitatu. Mfanyakazi wa jikoni aliyemwagikiwa mafuta ya moto, fundi wa kuchomelea, mfanyakazi wa kiwanda cha sukari aliyeangukiwa na maji yanayochemka: akipata saratani juu ya kovu hilo miaka ishirini na tano baadaye, jua halihusiki hata kidogo. Afisa anayefuata mazoea ataangalia rangi ya ngozi yake, ataangalia mguu ambao daima ulikuwa ndani ya suruali, atasema masharti hayakutimia. Na kwa jua ni kweli hayakutimia. Njia yake ni ile ya jeraha: ajali ilitokea kazini, kovu lilitokana na ajali, saratani imetokana na kovu. Mnyororo huo unahitaji mwanapatholojia aandike kwamba saratani imeota ndani ya kovu la zamani, na unahitaji karatasi ya ajali ya wakati ule. Tena dai hufuata sheria ya nchi alikoumia. Aliyeungua Mombasa hawezi kudai Sydney, na aliyeungua Sydney akarudi Mombasa hajapoteza haki yake kwa kuondoka tu.

Sakoma ya Kaposi ni mtego mwingine. Inaonekana kwenye ngozi, si melanoma, na hospitali zetu zimeiona tangu kabla ya Ukimwi kujulikana. Kwa jina la fungu ingeingia humu, ila inatokana na virusi, ina namba yake, C46, na haina uhusiano na jua la kazini. Pale ambapo ripoti za zamani za Afrika ziliweka saratani zote za ngozi pamoja, mtu asizitumie kuthibitisha au kukanusha lolote kuhusu jua.

Na wapo ndugu zetu wenye ualbino. Kwao jua ni adui wa kila siku, saratani ya seli-bapa huwapata wakiwa bado vijana, kichwani, usoni na shingoni. Chuo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, kimefanya kazi ya kuheshimika: kimefundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika, kimepeleka kliniki za kuzunguka vijijini, na hapo ndipo ilipoanza kutengenezwa KiliSun, losheni ya kukinga jua kwa ajili ya watu hawa. Hiyo ni kinga na tiba. Fidia ni habari nyingine. Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya 2008 na kuanza kazi Julai 2015, na Kenya ina sheria yake ya 2007. Mwenye ualbino aliyeajiriwa kufagia barabara au kusimama getini mchana kutwa ni mfanyakazi kama mwingine. Mwajiri asiruhusiwe kusema kwamba ugonjwa umetokana na maumbile. Kuna kanuni ya zamani ya sheria kwamba mwajiri humchukua mfanyakazi jinsi alivyo: ukimwajiri mtu ambaye unaona kwa macho yako kwamba jua litamuumiza, ukampanga juani bila kofia wala kivuli, udhaifu wa ngozi yake unakuongezea wajibu. Kwa mkulima anayejilimia mwenyewe, mifuko hii haimfikii kabisa, na hao ndio wengi.

Turudi nyuma kidogo kwenye historia, maana saratani ya ngozi ndiyo saratani ya kwanza kabisa kuhusishwa na kazi. Mwaka 1775 Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alionyesha kwamba watu waliosafisha mabomba ya moshi tangu utotoni walipata saratani ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Ilikuwa saratani ya ngozi. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa 1934 ulitambua saratani ya ngozi kwa wanaoshika lami na mafuta ya madini. Orodha ya shirika hilo ya 2010 ina saratani nyingi za kazini, lakini katika fungu hilo la saratani jua halimo kwa jina, ingawa wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulikuwa umekwisha kutamka mwaka 1992 kwamba mionzi ya jua inasababisha saratani kwa binadamu bila shaka. Mwaka 2023 mashirika hayo mawili yalitoa makadirio ya pamoja: mwaka 2019 watu bilioni 1.6 walifanya kazi juani, na karibu 19,000 walikufa kwa saratani za ngozi zisizo melanoma zilizotokana na kazi hiyo. Hiyo ni karibu theluthi moja ya vifo vyote vya saratani hizi. Orodha inayomtaja mpika lami na kumsahau aliyeitandaza chini ya jua la saa saba mchana imepitwa na ushahidi, na serikali zetu za Afrika Mashariki hazilazimiki kungoja Shirika la Kazi huko Geneva lirekebishe ndipo nazo ziandike.

Kwa madaktari mliopo, hasa vijana mnaosomea hapa: fomu ya maabara ina nafasi ya maelezo ya kitabibu, na mara nyingi mnaandika maneno mawili tu. Andikeni kazi ya mgonjwa, miaka aliyofanya, mahali hasa palipokatwa kwa upande na umbali kutoka alama ya mwili inayojulikana, lini alikiona kwa mara ya kwanza, na kama kuna kovu la zamani. Ombeni elastosi itajwe. Inachukua dakika mbili.

Kwa ninyi mnaofanya kazi nje: ombeni nakala ya ripoti ya patholojia kabla hamjasahau jina la kliniki, na iwekeni pamoja na hati za mshahara za waajiri wote. Katika jimbo hili dai hutakiwa ndani ya miezi sita. Kwa ugonjwa, muda huo huhesabiwa tangu mtu alipotambua kwamba ameupata kutokana na kazi, na kukiwa na sababu ya msingi unaweza kufika miaka mitatu. Bima ikikataa, mgogoro husikilizwa na Tume ya Majeraha ya Mtu Binafsi, iliyoanza Machi 2021. Wakili wa mfanyakazi mwenye dai lenye hoja hulipwa na Ofisi Huru ya Mapitio, IRO, na mfanyakazi mwenyewe hatoi hata senti.